Hatua Saba Kutoka kwa Latai

Wazungu wanaoandika kwenye majarida ya kamera wana ushauri mmoja wanaoupenda mno: kama picha yako haipendezi, ni kwa sababu hukusogea karibu vya kutosha. Mimi nawasamehe. Hawajawahi kuketi kwenye duara la wanywaji wa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, miguu imekunjwa mpaka imekufa ganzi, chifu yuko hatua ishirini mbele, nawe huruhusiwi kuinuka, maana ukiinuka kichwa chako kitakuwa juu ya chake na hapo hakuna atakayekuuliza habari za picha. Kwetu visiwani Vava'u mpiga picha hachagui pa kukaa. Anapangiwa, na akishapangiwa amekaa. Ukitaka kusogea, lenzi ndiyo isogee kwa niaba yako.

Hilo nililijua kwa miaka kumi na miwili, lakini kulijua hakukunisaidia, kwa sababu nilikuwa na lenzi moja tu, ya milimita hamsini, niliyotumiwa na binamu yangu wa Auckland. Hiyo hamsini ilifanya kazi zote za mji wetu wa Neiafu: arusi, mazishi, kwaya za Pasaka, nguruwe walioshinda kwenye maonyesho ya kilimo. Mwaka ule mvua zilipozidi, ukungu uliota ndani ya kioo chake, nyuzi nyeupe nyembamba mithili ya mizizi, na watu wote niliowapiga wakawa wanatokea kana kwamba wameamka sasa hivi. Bibi arusi mmoja alifurahi. Wengine hawakufurahi.

Ndipo Mzee Feleti akaniita. Yeye alikuwa na studio karibu na soko tangu kabla sijazaliwa, lakini mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, na binti yake alikuwa amekata shauri kumhamishia kwake Hamilton, New Zealand. Nilimkuta ameketi mbele ya kabati lake maarufu, lile lenye balbu inayowaka ndani usiku na mchana ili unyevu usikae. Kulikuwa na lenzi kumi na moja, zimepangwa kwenye kitambaa cha gome la mti.

"Chagua tatu," akasema.

"Tatu tu, mzee?"

"Mkoba nitakaokupa una vyumba vitatu. Ya nne utaibeba mdomoni?"

"Na hizo nyingine?"

"Nyingine nimemwahidi mkwe wangu. Ndege yangu ni Alhamisi. Una siku tano za kuzizungusha mjini, uziulize unavyotaka, halafu Jumatano jioni unaniletea nane." Akapapasa kioo kimoja kwa kidole gumba. "Na usinichagulie za wiki ijayo, Sunia. Chagua kama mtu anayewekewa meno ya bandia. Hutarudi kwa daktari kila msimu kusema umebadili mawazo."

Masharti yake yalikuwa ya mtu aliyeishi na bahari. Zote tatu ziingie kwenye kamera moja bila kulazimishwa. Zitumie vifuniko vya ukubwa mmoja, maana vifuniko hupotea. Zifunguke kwa bisibisi, kwa sababu chumvi ikishaingia hakuna fundi mwingine ila wewe mwenyewe na meza ya jikoni. Nilikubali yote, na kila nilipokubali nilikuwa nikifikiria kitu kimoja ambacho sikumwambia. Nilikuwa nikimfikiria dada yangu Latai.

Figo za Latai zilikuwa zimechoka. Mashine ya kusafisha damu haikuwepo kwetu, wala hapa wala mji mkuu, Nuku'alofa, alikokuwa amelazwa wakati ule. Aliyeihitaji alikwenda New Zealand, na aliyekwenda kwa ajili ya mashine hiyo hakurudi, kwa kuwa damu inataka kusafishwa mara tatu kila wiki na mashine haisafiri. Madaktari walimpa ruhusa aje nyumbani Jumamosi kuaga. Jumanne angepanda ndege. Na mimi, mpiga picha pekee wa Neiafu mwenye macho mazima, sikuwa na picha hata moja ya uso wa dada yangu.

Si uzembe. Nilipofika miaka kumi nilihamishwa nikalale kibanda cha wavulana, na tangu siku hiyo sikuketi tena chumba kimoja na Latai. Sikutania mbele yake, sikula naye, sikumtazama usoni kwa zaidi ya salamu moja. Kwetu dada ni mkubwa wa kaka kwa cheo, na heshima yake ni nafasi unayoiacha kati yenu. Siku ya arusi yake niliketi nyuma ya wajomba wote na hamsini yangu, na kwenye picha zile Latai ni kitone cheupe kilichofunikwa maua. Kwenye ukuta wa nyumba yetu yuko baba, yuko mama, yuko mpaka mbunge fulani aliyewahi kula kwetu. Mahali pa Latai pana msumari.

Basi nikaanza kuzizungusha. Siku zile tano nazikumbuka kama usingizi wa mchana, ule ambao unasikia watu wakiongea nje na huna haja ya kuamka. Niliivalisha kamera ile ya ishirini na nane, lenzi pana, nikapita nayo sokoni. Mbingu ikawa kubwa ghafla, mawingu yakaegemea paa, na akina mama na viazi vyao vikuu wakawa kitu kimoja kilichotulia chini kabisa ya dunia. Kanisani, nikiwa nimebanwa ukutani, niliona kwaya nzima kutoka besi wa kwanza hadi soprano wa mwisho, na wote walikuwa wakielea. Hiyo sikujiuliza mara mbili. Karamu zetu ni ndefu, mwenye lenzi pana hamwachi mtu nje ya picha, na kuachwa nje ya picha kwetu ni ugomvi wa miaka.

Hamsini nyingine pia nikaichukua. Yenyewe haina maajabu. Unaona kilichopo, kwa ukubwa wake, na mkono haukuumi. Nilikaa nayo barazani asubuhi nzima nikimtazama mke wangu Vika akisuka mkeka, nikagundua kwamba hata bila kamera ningemwona vilevile, na hilo likanifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima raha. Mtu mwenye akili angechukua themanini na tano. Feleti mwenyewe aliisukuma mbele yangu mara mbili kama bahati mbaya. Ina kioo kipana, inaona hata kwenye mwanga hafifu wa kanisa la jioni, ni fupi, inakaa mkononi, na nyuso zinatoka ndani yake zimepumzika. Ungepewa kazi ya miaka thelathini visiwani, hiyo ndiyo ungeioa.

Lakini Jumatano mchana, nyumba ya Latai ikiwa tupu, nilikwenda uani kwake nikahesabu hatua kutoka mlango wa kibanda cha kupikia hadi barazani. Saba. Huko mlangoni ndiko ningeruhusiwa kuketi, na huko barazani ndiko angeketi yeye. Nikaweka kiti, juu ya kiti nikaweka ndoo, na juu ya ndoo nikaweka nazi iwe kichwa. Kwa themanini na tano niliona kiti, ndoo, nazi, nguzo, kuku wawili na nusu ya dirisha. Kwa mia mbili, ile lenzi ndefu nzito yenye giza, niliona nazi peke yake. Niliona nyuzi zake, na vile vitundu vitatu vikinitazama, na nyuma yake majani yameyeyuka yakawa rangi tu. Nilikaa pale nikiipenda ile nazi mpaka jirani akapitisha kichwa kwenye ua.

"Sunia, huyo ni nani unayempiga picha?"

"Nazi."

"Aha," akasema, akaondoka taratibu, akatembea na habari hiyo mji mzima.

Jioni nikampelekea Feleti lenzi nane. Akazipapasa moja moja kwa vidole, na alipofika kwenye themanini na tano mkono wake ukasimama.

"Umeniachia hii? Umechukua ule mlingoti?"

"Kwa ajili ya raga, mzee."

"Raga," akasema. "Ile mechi ya mara mbili kwa mwaka, ambayo ng'ombe wa mchungaji wanaingia kipindi cha pili."

"Na machifu wanakaa mbali."

"Machifu wanakaa ndani, kwenye giza, na hiyo lenzi gizani haioni kitu. Mkono ukitetemeka kidogo tu, picha imekwenda. Nimekuwa nayo miaka ishirini nimeitumia mara tano. Nani amekudanganya?"

Macho yake yalikuwa meupe, lakini aliyaelekeza kwangu sawasawa. Baadaye akauliza kwa sauti nyingine, "Dada yako anarudi lini?"

"Jumamosi."

Akaiweka themanini na tano ndani ya sanduku lake na kufunga. "Funga vifuniko vyote viwili unapoihifadhi," akasema. "Hiyo ukungu unaipenda." Hakunilaumu tena. Alhamisi nilimbebea mizigo hadi uwanjani, pamoja na nguruwe wa wastani niliyempa kwa shukrani, ambaye ilibidi abaki kwa mpwa wake kwa sababu ndege haikumtaka.

Latai alikuja Jumamosi. Jumapili kwetu hakuna kazi, hata kufyatua kamera ni kazi. Jumatatu kulikuwa na karamu ya kumuaga, hotuba zikachukua mchana wote, na saa kumi ndiyo watu wakatawanyika. Nikaketi mlangoni pa kibanda cha kupikia. Latai akaletwa barazani akakalishwa kwenye kiti. Vika akasimama katikati ya ua, apitishe maneno yetu, maana kusema geuka huku, inua kidevu, ni amri, na mimi siwezi kumwamrisha dada yangu.

"Vika," nikasema, "mwambie dada ageuze kiti kidogo, mwanga umpate kushoto."

Latai, aliyenisikia vizuri kabisa, akangoja.

"Wifi," Vika akasema, "geuza kiti, mwanga ukupate kushoto."

"Mwambie nimegeuza."

"Kageuza."

"Nimeona."

"Kaona. Jamani mnanichosha, mimi si redio."

"Wifi, muulize nitabasamu au nikae hivihivi?"

"Mwambie afanye apendavyo."

"Kasema ufanye upendavyo. Ila mimi wifi yako nakwambia funga mdomo, una jani la majimbi kwenye jino, kubwa, linatosha kufunikia chungu."

Latai akacheka, nami nikainama haraka nikijidai naukaza mkanda wa kamera, kwa sababu utani kama huo kaka hausikii. Nilipoinua kamera tena, uso wake ulikuwa umejaa kwenye kioo.

Ile lenzi ina giza kidogo, na ndani ya lile giza alikuwa amekaa kama mtu aliye chini ya maji yaliyotulia. Nikaona kwamba ana mvi pembeni mwa masikio. Nikaona nyusi moja ina kovu, nikakumbuka kwamba nilimtia mimi, kwa fimbo ya mua, tulipokuwa bado watoto wa kulala mkeka mmoja, na kwamba alinifundisha kumwambia mama kuwa ameanguka. Nikaona kwamba ana macho ya baba. Miaka ishirini na sita tulikuwa tukipishana njiani nikitazama miguu yake, na muda wote huo alikuwa akitembea na macho ya baba. Ngozi ya chini ya macho ilikuwa imevimba kwa ugonjwa. Midomo ilikuwa mikavu. Alikuwa mzuri. Majani nyuma yake yaliyeyuka, ua likayeyuka, Vika akawa kivuli cha rangi ya samawati ukingoni, na sikuwa na hatua saba mbele yangu, sikuwa na hata moja.

Nilimpenda dada yangu. Kwetu neno hilo kaka halisemi. Analipeleka kwa viazi vikuu na nguruwe, na dada analirudisha kwa mikeka. Mimi nilikuwa nikilisema pale, kimya, kwa jicho moja, na kidole changu hakikuwa kikifanya kazi yoyote.

"Wifi," nikamsikia Latai akisema polepole, midomo ikisogea ndani ya kioo kabla sauti haijanifikia. "Kaka yangu amelala huko? Sijasikia mlio."

Vika akageuka kunitazama.

"Bado anapima mwanga," akasema.

Latai hakugeuza uso. Aliyatuliza macho yake katikati kabisa ya lenzi, nami nikajua kwamba anajua. Mtu anayetazamwa hivyo anajua.

"Basi mwambie asiharakishe," akasema.

Tukakaa hivyo. Sijui ni dakika ngapi. Jua likashuka nyuma ya mnazi, kioo kikaingia ukungu kwa sababu yangu mwenyewe, na nilipokuja kufyatua mwanga ulikuwa umeondoka na mikono ilikuwa ikinitetemeka. Nilifyatua mara tatu. Mbili hazikufaa kwa lolote. Moja ndiyo iliyo ukutani sasa, kwenye ule msumari, imetikisika, kiasi kwamba wageni huuliza kwa adabu kama sina nyingine.

Asubuhi ya Jumanne Vika alirudi kutoka kwa Latai akasimama mlangoni bila kuvua kandambili.

"Baba watoto. Dada yako anaitaka ile ndefu."

"Picha?"

"Lenzi."

Nilinyanyuka nikaichukua. Dada akitaka kitu cha kaka, kaka hasemi hapana, wala haulizi cha nini, na sitadanganya kwamba sikuuliza moyoni. Hana kamera. Hajawahi kushika kamera. Nilikuwa nimeiacha themanini na tano, lenzi ya maisha, kwa ajili ya kitu hicho kizito chenye giza, na sasa hata hicho kinakwenda, na kwa miaka yote iliyobaki nitakuwa na vipande viwili ambapo mwenye akili ana vitatu. Niliifuta kioo, nikaikaza vifuniko, nikampa Vika.

Uwanja wetu wa ndege una chumba kimoja. Wanawake walikaa na Latai upande wa mizani, wamemzidishia mashada ya maua mpaka shingo haionekani. Sisi wanaume tulisimama upande wa mlango. Hotuba zilikuwa zimekwisha. Watu walikuwa wakilia ile namna ya kupumzika, wakipokezana.

Nikamwona Latai akiingiza mkono kwenye kikapu chake, akaitoa ile lenzi. Akaondoa kifuniko cha mbele akakiweka mapajani. Akaondoa cha nyuma. Akaileta jichoni, akakunja uso, akaona ukungu mtupu. Vika akamwinamia sikioni akamwonyesha: iweke mbali, nyoosha mkono, tulia. Ndipo akanyoosha mkono ule mwembamba, na kioo kikaelekea upande wetu, kikatafuta, kikapita kwa mchungaji, kikapita kwa wajomba, kikasimama kwangu.

Lenzi bila kamera inamgeuza mtu. Alikuwa akiniona mdogo kama kidole, miguu juu, nimening'inia kwenye dari.

"Wifi," akasema, na safari hii hakupunguza sauti, "kaka yangu kasimama kwa kichwa."

Wanawake wakacheka. Mimi nikatazama sakafu kama inavyonipasa.

"Mwambie ainue uso."

Vika hakurudia maneno hayo. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa cha shingoni. Wajomba wakawa na shughuli ya ghafla na mizigo, na mimi nikainua uso.

"Mwambie asitikisike," Latai akasema.

Sikutikisika. Mashine za ndege ziliwashwa, mtu akaja na orodha ya majina, akaona, akarudi nyuma. Nilisimama mikono ubavuni nikimtazama dada yangu machoni, bila kitu chochote mbele ya jicho langu, naye akanitazama mpaka aliposhiba.

Aliishi huko miaka sita. Siu, binti yake, alinipigia simu siku ya pili baada ya msiba. Tuliongea habari za jeneza, za kwaya, za mikeka niliyopeleka. Kisha akasema kuna kitu.

"Mjomba, kuna ile lenzi. Alikuwa anakwenda nayo kwenye mashine, kila safari. Anawatazama manesi, anasema huku watu wote wanatembea kwa vichwa. Nimeiona kwenye kabati lake. Nikurudishie? Si ni ya kazi yako?"

"Si yangu," nikasema. "Ni ya mama yako."

"Basi niiweke naye?"

"Mwekee mkononi."

Nikasikia anaandika. Siu ni mtu wa kuandika kila kitu.

"Kuna kingine, mjomba?"

"Kuna," nikasema. "Vifuniko. Mvitoe vyote viwili."